Kompyuta kuukuu zinapokataa kufungua tovuti: kwa nini usikimbilie kubonyeza "endelea"

Umesubiri zamu yako tangu asubuhi kwenye chumba cha kompyuta. Fomu ya kuomba ufadhili wa masomo inafungwa leo usiku. Zamu inafika, unaketi, unaandika anwani ya tovuti, na badala ya fomu linatokea onyo: muunganisho wako si wa faragha. Kijana aliyekaa kiti cha pili anakuinamia na kukunong'oneza, "Bonyeza hapo chini, halafu bonyeza endelea. Sote tunafanya hivyo."

Utafanya nini?

Swali hili linawagusa watu wengi kuliko inavyodhaniwa, katika makazi ya wakimbizi na katika vijiji na miji inayowapokea. Kompyuta nyingi zinazotumika kwenye vituo vya vijana, shule na vibanda vya intaneti ni za mitumba au za msaada, na baadhi zina umri wa miaka kumi na zaidi. Bado zinawaka na zinaandika barua vizuri tu. Lakini programu inayofungua tovuti, ile tunayoiita kivinjari na wengine brauza, kama vile Chrome au Firefox, mara nyingi imebaki nyuma ya wakati. Katika uchambuzi huu tunaeleza kilichobadilika, hatari iko wapi hasa, na wewe ufanye nini ukiwa mbele ya mashine ya namna hiyo.

Nini kimebadilika

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi sana duniani. Mfumo unaofuata, Windows 11, hauzikubali mashine nyingi za zamani. Unataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel unaanzia zile za kizazi cha nane, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta ya mwaka 2014 inaweza kuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, na bado ikakataliwa.

Kwa mtu binafsi, Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa masasisho, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mwenye kujiandikisha. Baada ya hapo ofisi na shule nyingi huko Ulaya na Marekani zitaendelea kubadilisha mashine zao. Sehemu ya mashine hizo itafuata njia ile ile ya siku zote: itapakiwa kwenye makontena na kuja huku, nyingine kama biashara na nyingine kama msaada.

Tukitaka kujua mbele kuna nini, tuangalie Windows 7. Masasisho yake ya kawaida yalikoma Januari 2020. Chrome iliendelea kuihudumia miaka mitatu zaidi, kisha toleo namba 109 la Januari 2023 likawa la mwisho kwake. Tangu hapo, Chrome iliyomo ndani ya Windows 7 imesimama palepale huku tovuti zikiendelea kusonga. Windows XP ilikwisha kupita njia hiyo mapema zaidi: Chrome iliiacha mwaka 2016 na Firefox mwaka 2018.

Kwa hiyo usitishike ukiona kompyuta ya kituo ina Windows 10. Kivinjari chake bado kinapata masasisho, na Microsoft imeahidi kukihudumia kivinjari chake cha Edge kwenye Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Mashine za kutilia wasiwasi leo ni zile za Windows 8.1 kurudi nyuma. Kesho itakuwa zamu ya Windows 10.

Haya yote yanatokea wakati huduma nyingi zinahamia mtandaoni. Juni 2025 shirika la UNHCR lilitangaza kwamba linapunguza takriban nafasi 3,500 za kazi kwa sababu ya upungufu wa fedha. Wafanyakazi wakipungua, dirisha la ofisi linakuwa na foleni ndefu zaidi, na mtu anaambiwa: jaza kwenye tovuti. Mlango wa tovuti hiyo ni kivinjari.

Kwa nini ukurasa unakataa kufunguka

Fikiria askari wa getini mwenye orodha ya mihuri anayoitambua. Ukimwonyesha barua, anaangalia muhuri, analinganisha na orodha, anakuruhusu au anakuzuia. Kivinjari hufanya kazi hiyohiyo. Kila tovuti yenye usalama huonyesha cheti chenye muhuri wa taasisi fulani na tarehe ya mwisho, kama kitambulisho chako cha ukimbizi kilivyo na tarehe ya mwisho. Kivinjari hulinganisha muhuri ule na orodha yake. Ukikubalika, mazungumzo yako na tovuti yanafungwa kama barua ndani ya bahasha, na walio njiani hawawezi kuyasoma.

Kwenye kompyuta kuukuu, kazi hii inaweza kukwama kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni ndogo kuliko zote: saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayotunza tarehe hata umeme ukikatika. Ikifa, kila sola ikizimika kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Ikidhani tuko mwaka 2010, kila cheti cha leo itakiona hakijaanza kutumika, na tovuti zote zitakataliwa. Watu wengi wamewahi kulaumu intaneti kwa kosa la betri hiyo.

Ya pili ni orodha ya mihuri iliyozeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 muhuri mmoja uliokuwa ukitegemewa na tovuti nyingi mno, za taasisi ya Let's Encrypt inayotoa vyeti bila malipo, ulifikia mwisho wake. Vifaa ambavyo havikuwa na muhuri mpya kwenye orodha vilianza kukataa tovuti halali. Simu za Android za chini ya 7.1 zilifanyiwa mpango maalumu wa kuvumiliwa, nao ukaisha mwaka 2024. Kama simu yako ya zamani ilianza kugoma kufungua tovuti kadhaa wakati huo, huenda sababu ni hiyo.

Ya tatu ni aina ya bahasha. Njia za kufunga mazungumzo nazo huzeeka, kwa sababu watu hugundua namna ya kuzifungua. Njia mbili za kale, moja ya mwaka 1999 na nyingine ya mwaka 2006, zilitangazwa rasmi kuwa hazifai mwaka 2021. Tovuti ikikataa njia hizo na kivinjari chako kikiwa hakijui nyingine, hakuna mazungumzo.

Ya nne inahusu lugha. Kurasa za leo zinaandikwa kwa maagizo ambayo kivinjari cha zamani hakiyafahamu. Ukurasa unafunguka nusu, kitufe cha "tuma" hakifanyi kitu, au unaona weupe mtupu. Hapa hakuna hata onyo. Unaweza kudhani umetuma fomu kumbe haikwenda popote.

Hatari iko wapi hasa

Mpaka hapa unaweza kusema: basi lile onyo ni usumbufu tu, kijana alisema kweli, nibonyeze endelea. Mara nyingi, kweli, itakuwa ni saa au orodha. Lakini kuna sababu ya tano inayoleta onyo lilelile: mtu aliyekaa katikati, kwa mfano mwenye Wi-Fi ya uongo, anayejifanya ndiye tovuti unayoitafuta ili asome unachoandika. Kwa kuangalia skrini huwezi kutofautisha onyo la betri iliyokufa na onyo la mwizi.

Hatari inakwenda pia upande wa pili. Orodha ya zamani haizuii tu watu wema, inaweza kuruhusu wabaya. Mwaka 2011 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar, iliyokuwa na mamlaka ya kutoa vyeti, wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimojawapo kikiwa cha Google. Cheti hicho kilitumika kupeleleza mawasiliano ya watu nchini Iran, na uchunguzi ulionyesha kwamba takriban anwani 300,000 za intaneti ziliguswa. Waliokuwa upande wa pili walidhani wanasoma barua pepe zao kwa usalama. Dawa ilikuwa masasisho: Chrome, Firefox na wengine waliufuta muhuri wa DigiNotar kwenye orodha zao. Aliyesasisha alilindwa. Ambaye hakusasisha, askari wake aliendelea kuupigia saluti muhuri wa wezi.

Mtu aliyekimbia nchi yake anaelewa kwa nini kisa hicho si hadithi ya mbali. Barua pepe yako inaweza kuwa na nakala za vyeti, jina la kijiji ulichotoka, mahali walipo ndugu zako, na majibu kuhusu faili lako. Akaunti ikiibiwa, mwizi anaweza kuwaandikia jamaa zako walio Nairobi au Kampala kuomba fedha kwa jina lako. Anaweza kusoma habari za kesi yako, kisha akakupigia simu akijifanya afisa anayeijua na kudai malipo. Kumbuka siku zote: huduma za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni bure. Anayedai fedha ni tapeli hata kama anajua namba ya faili lako.

Kuna madhara mengine ya polepole, nayo pengine ndiyo makubwa zaidi. Kituo kinachowafundisha vijana kubonyeza "endelea" kila siku kinawafundisha kudharau maonyo. Kijana huyo kesho atashika simu mpya iliyosasishwa, atakutana na onyo la kweli, na kidole chake kitakwenda "endelea" bila kufikiri. Kompyuta kuukuu inaweza kutupwa siku moja. Mazoea hayo yatabaki na mtu.

"Bora hizi kuliko kukosa"

Wanaosimamia vituo wana jibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: tukiziondoa mashine hizi, watoto hawatashika kompyuta kabisa. Bajeti ya kununua mpya hatuna. Bora hizi kuliko kukosa.

Wana haki katika sehemu moja. Kompyuta kuukuu si takataka. Kujifunza kuchapa, kuandika wasifu wa kuombea kazi, kutengeneza hesabu za kikundi cha akiba: hayo yote hayahitaji intaneti, na mashine ya mwaka 2010 inayaweza. Zipo pia programu za masomo zinazofanya kazi bila mtandao. Kiwix inaweka ensaiklopidia ya Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, ndani ya kompyuta yenyewe. Kolibri inahifadhi masomo kwenye mashine moja na kuyagawa kwa nyingine zilizo chumba kilekile. Kwa kazi hizo mashine kuukuu ni mali.

Wanapokosea ni pale wanapoichukulia kazi ya kujifunza kuchapa na kazi ya kuingiza paswedi kuwa kitu kimoja. Ndoo yenye kutu inaweza kubeba mchanga wa kujengea. Hakuna anayeitumia kuchota maji ya kunywa kwa hoja kwamba ndoo nyingine haipo.

Funzo kutoka kwa wapenzi wa mashine za kale

Kuna watu duniani wanaotumia kompyuta za kale kwa mapenzi. Wanachukua mashine za miaka ya 1990 na kuhangaika mpaka zifungue tovuti za leo. Kwa kompyuta za Apple zenye prosesa ya PowerPC, ambazo kampuni iliacha kuzitengeneza mwaka 2006, mtaalamu mmoja wa Marekani, Cameron Kaiser, alitengeneza kivinjari kiitwacho TenFourFox kutokana na Firefox. Alikihudumia kwa takriban miaka kumi, kisha mwaka 2021 akasimama.

Kazi yake inatuonyesha mambo mawili. La kwanza, muda wa mashine haukuandikwa mbinguni. Kampuni ilisema zimekwisha, mtu mmoja akaziongezea muongo mzima. La pili, uhai huo ulitegemea mtu mmoja. Alipochoka, hakuna aliyekuwa na deni la kuendelea. Ukiona kompyuta kuukuu ina kivinjari cha ajabu usichokifahamu, uliza nani anakisasisha, na lini alifanya hivyo mara ya mwisho.

Njia nyingine wanayotumia ni kuweka mashine mpya katikati. Mashine mpya inafungua tovuti, inairahisisha, kisha inaipa ile ya kale. Inafanya kazi, lakini mashine ya katikati inaona kila kitu unachoandika. Kwa mpenzi wa kompyuta aliye sebuleni kwake hilo si tatizo, mashine zote mbili ni zake. Kwenye kituo ambacho watu mia wanaingia kwa siku ni jambo jingine kabisa.

Ukiketi mbele ya kompyuta kuukuu

Anza na saa. Angalia tarehe na mwaka kwenye kona ya skrini. Zikiwa si sahihi, mwombe msimamizi azirekebishe, kisha jaribu tena. Betri mpya ya ndani ni kitu kidogo cha bei nafuu, na fundi huibadilisha kwa dakika chache.

Angalia toleo la kivinjari. Fungua menyu, tafuta sehemu ya "Kuhusu" Chrome au Firefox. Kwenye Windows 7, Firefox ya toleo la muda mrefu namba 115 ni afadhali kuliko Chrome 109, kwa sababu watengenezaji wake waliongeza muda wa kuihudumia mara kadhaa baada ya Chrome kuondoka. Hakikisha bado inapata masasisho.

Onyo likibaki baada ya saa kurekebishwa, usiandike paswedi. Soma habari ukitaka, lakini usiingie kwenye barua pepe, benki, pesa za simu wala akaunti ya maombi.

Tumia simu kwa mambo ya siri. Simu janja inayopata masasisho, hata yenye skrini iliyopasuka, ni salama kuliko kompyuta ya Windows 7. Kama huna, omba ya ndugu unayemwamini, ingia kwa dirisha la faragha, na ukimaliza hakikisha umetoka. Barua ndefu au wasifu unaweza kuuandika kwenye kompyuta, kisha ukauhamishia kwenye simu kwa kebo na kuutuma kutoka huko. Flashi inayopita kwenye kila mashine ya chumba iogope, maana hubeba virusi.

Kama ulishaandika paswedi kwenye mashine yenye onyo, nenda kwenye simu salama uibadilishe leo. Kisha chagua kutoka kwenye vifaa vyote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Usitegemee kitufe cha "tuma" pekee. Subiri ujumbe wa kuthibitisha kwamba fomu imepokelewa. Usipouona, chukulia kwamba haikwenda.

Na msaidizi akikujazia fomu, mwache ajaze majina na tarehe. Paswedi andika mwenyewe.

Maswali kwa viongozi na wafadhili

Mzigo huu haufai kubebwa na mtu aliye mwisho wa foleni peke yake. Kamati za makazi, walimu na mashirika wana maswali ya kuuliza kabla ya kupokea shehena ya kompyuta. Zinatumia mfumo gani, na masasisho yake yanaisha lini? Prosesa ni ya biti 64, na kumbukumbu ni gigabaiti ngapi? Nani atazihudumia baada ya picha za makabidhiano kupigwa?

Majibu yana maana. Mashine ya biti 64 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaweza kuwekewa Linux Mint au ChromeOS Flex, mifumo ya bure, na ikapata kivinjari cha leo bila kununua Windows. Ya biti 32 mlango wake unafungwa: mfumo wa Linux uitwao Debian, katika toleo la 13 la Agosti 2025, hautoi tena mfumo kamili kwa mashine hizo, na Firefox nayo imetangaza kuziacha. Mashine hizo zipokelewe kwa kazi zisizo na mtandao, au zisipokelewe. Kwa zile zilizokufa, tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zivuke mpaka kwa idhini ya nchi inayozipokea kabla hazijasafirishwa. Kompyuta isiyowaka si msaada hata ikiandikwa hivyo kwenye sanduku.

Wanaotengeneza tovuti za huduma nao wanadaiwa. Fomu ya maombi iwe nyepesi, ifunguke kwenye simu ya bei ndogo, iseme wazi imepokelewa au haikupokelewa. Na dirisha la ofisi lisifungwe kabisa kwa sababu kuna tovuti. Mama asiye na simu, mzee asiyesoma, na kijana aliyekaa mbele ya Windows 7 wana haki ileile ya kusikilizwa.

Turudi kwa yule kijana wa kiti cha pili. Hakuwa na nia mbaya. Alifundishwa hivyo na mashine iliyokuwa ikimwonya kila siku mpaka onyo likawa kelele. Ukiwa umesoma mpaka hapa, wewe sasa ndiye utakayemwinamia na kumwambia: tuangalie saa kwanza. Ikiwa sawa na onyo bado lipo, fomu yako ijaze kwa simu.